Nilivyomgeuza Mama Kuwa Kampuni

Nianze kwa kukiri ujinga wangu kabla hamjausikia kwa mwingine: nilimgeuza mama yangu kuwa kampuni. Sikutumia uchawi. Nilitumia kompyuta ya maktaba ya shule, Jumatano saa saba na nusu mchana, wenzangu wote wameshatoka na mimi nimebaki kutumikia adhabu ya kosa lingine lisilohusiana na habari hii. (Lilihusu kuku wa mpira na mwalimu wa Kiholanzi. Tuliache.)

Ilinichukua dakika ishirini. Nilipoinuka kwenye kile kiti, mama alikuwa tayari ni PDG, mkurugenzi mkuu wa kundi zima lenye tawi Afrika ya Kati. Mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa nyumbani kwetu Schaerbeek, hapa Ubelgiji, kwenye kochi, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi karibu na kiwiko, anaangalia mashindano ya upishi kwenye televisheni na kuwatukana wapishi.

Mkono ndio chanzo cha yote, kwa hiyo tuanze na mkono.

Mama anasafisha ofisi. Miaka sita sasa anasafisha orofa ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja ya jengo moja la vioo upande wa stesheni ya Gare du Nord. Jengo ni la kampuni kubwa ambayo sijawahi kuelewa inauza nini. Nimesoma tovuti yao yote, jambo linaloonyesha kwamba adhabu za shule zina faida, na nilichoambulia ni kwamba wanauza "kesho". Bei hawakuandika. Lakini usidhani mama ameajiriwa na hao wa kesho. Ameajiriwa na kampuni ya usafi, ambayo imepewa kazi na kampuni ya kesho, na hiyo ya usafi inanunua dawa za kusafishia kwa kampuni ya tatu. Kampuni tatu, ndoo moja, mama mmoja.

Basi ikaja dawa mpya. Chupa ya kijani, picha ya jani, na chini ya jani maneno kwamba dawa hii inaipenda dunia. Labda inaipenda. Mikono haikutajwa. Ilikuwa dawa kali ya kuchanganywa na maji mengi, lakini kiasi cha maji hakikuandikwa kwenye chupa, eti kuokoa karatasi. Kilikuwa ndani ya kile kimraba cha vidoti vyeusi: upige picha kwa simu, tovuti ifunguke, ukubali kufuatiliwa, uchague lugha, uandike anwani yako ya barua pepe, ndipo uambiwe ni vifuniko vingapi kwa ndoo moja. Glavu zilikuwa zimekwisha kabatini wiki mbili. Mama akamimina kama alivyozoea kumimina ile ya zamani, akachovya kitambaa, akakikamua. Alipofika orofa ya kumi mkono ulikuwa mwekundu. Alipofika ya kumi na moja ngozi ilikuwa inachubuka kama ya nyanya iliyotiwa maji ya moto.

Daktari wa mtaani kwetu alisema mambo mawili. La kwanza, mkono utapona ukipumzishwa. La pili, tulete karatasi ya ajali ya kazini, ijazwe na mwajiri, na tusichelewe. Bila karatasi hiyo, kwa mujibu wa mafaili, mkono umeungulia nyumbani kwa uzembe wa mwenyewe, na mama atalazimika kurudi kwenye ndoo kabla ngozi haijafunga.

Mama akampigia msimamizi wake, yule anayegawa zamu. Waliongea Kifaransa, na cha msimamizi nakitafsiri. Cha mama nakiandika nilivyokisikia, maana hata akisema Kifaransa, masikioni mwangu kinafika kikiwa Kiswahili cha Lubumbashi.

"Lakini maman, una hakika si mafuta ya maandazi?" msimamizi aliuliza. "Ninyi mnakaanga sana."

Niliacha kutafuna.

"Papa," mama akasema polepole, kama anavyomwita kila mwanamume wa heshima, "miye nakaanga mikate tangu niko mutoto wa miaka huit. Mafuta haiyanigusa hata siku moja. Mafuta inaniogopa."

"Andika tu ni nyumbani, maman. Ni rahisi kwa kila mtu."

"Kwa kila muntu gani?"

Msimamizi akasema ana simu nyingine. Ila kabla ya kukata alikumbuka kuongeza kwamba Jumatatu ya wiki mbili mbele mama asipokuwepo kazini, orofa zake tatu atapewa mwingine. Hapo zilikuwa zimebaki siku kumi na nne. Tangu saa ile nyumbani kwetu hapakuwa na habari nyingine. Papa akirudi kutoka kuendesha basi, anauliza: karatasi? Dada zangu wadogo wanatoka shule, wanauliza: karatasi? Mama hata akisali usiku alikuwa anamkumbusha Mungu, kwa Kifaransa, ili asiseme hakuelewa.

Na mama alikuwa na njia moja tu ya kutafuta: alitaka kuonana na responsable.

Neno hili lazima nilieleze, maana kila kitu kilichotokea baadaye kimetoka humo. Kwa Wabelgiji responsable ni cheo, kinaandikwa chini ya jina lako kama mkia. Kwa mama ni mtu anayesimama. Kule Lubumbashi, kwenye avenue alikokulia, mbuzi akila maharage ya jirani, jirani anakuja katikati ya barabara na kupaza sauti: "Responsable wa huyu mbuzi ni nani?" Na mtu anatoka. Anaweza kutoka huku anafunga kitambaa kiunoni, anaweza kutoka anatukana, lakini anatoka. Mama anaapa kwamba hajawahi kuona mbuzi aliyekosa responsable.

Kwa hiyo alianza kupiga simu kwa imani kubwa, akidhani jengo la orofa ishirini na mbili haliwezi kushindwa na mbuzi. Ya kwanza ilipokelewa na mashine. Mashine ikasema simu yetu ni muhimu sana kwao. Mama akaijibu, "Asanti, maman," akangoja dakika arobaini kwa heshima. Siku zilizofuata aliongea na maresponsable wa kutosha kujaza basi la papa. Wa jengo alisema yeye anahusika na jengo, si na watu waliomo. Wa ununuzi alisema dawa aliinunua lakini hakuimimina. Mmoja wa kampuni ya dawa, responsable wa ubora, alisema dawa ni bora, na kama imeunguza basi hilo ni thibitisho kwamba inafanya kazi. Mwingine alimshukuru mama kwa "kushiriki uzoefu wake" na kumtumia maswali: je, una uwezekano gani wa kutupendekeza kwa rafiki? Mama aliweka sifuri. Wakamwandikia tena kuuliza kwa nini.

Nilijaribu na mimi. Kwenye tovuti yao kuna kikatuni chenye tabasamu kinachokukaribisha na kukuuliza wewe ni nani: mteja, mwekezaji, mshirika, au mwandishi wa habari. Nilitafuta mahali pa "aliyeungua". Hapakuwepo. Nikaandika: mama yangu ameungua mkono. Kikatuni kikajibu: Vizuri sana! Naweza kukusaidia na nini kingine?

Sasa, wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa uchumi alitufundisha kwamba kampuni ni mtu. Kabisa. Sheria inamtambua kama mtu, na kwa Kifaransa wanamwita personne morale. Mimi, kwa kuwa nimelelewa vizuri, nilielewa kwamba huyo ni mtu mwenye maadili. Nikanyoosha kidole.

"Bwana mwalimu, kwa hiyo anaona aibu?"

"Hapana. Hapa neno morale halina maana hiyo. Ana haki, ana mali, ana anwani, anaweza kukushtaki. Aibu hana."

"Tumbo?"

"Hana."

"Na mikono?"

"Toka nje."

Nilitoka nikiwa nimeelimika. Hapo koridoni nilielewa kwa nini mama hapati jibu. Yeye ana mikono. Wao wanaongea na watu wasio na mikono tu.

Ndiyo maana Jumatano ile, kwenye kompyuta ya maktaba, kikatuni kiliponiuliza mimi ni nani, nilibonyeza "mshirika". Fomu ikafunguka. Jina la kampuni: sitalitaja, nilikumbuka lililoandikwa kwenye gunia letu la semolina ya bukari, yaani ugali, nikaongeza neno Groupe mbele. Mkurugenzi mkuu: mama. Shughuli: solutions de surface, yaani masuluhisho ya nyuso, kwa maana mama anafuta meza na sakafu. Idadi ya wafanyakazi: watano, tukihesabu dada zangu. Matawi ya nje: moja, Afrika ya Kati, sekta ya nishati. Huyo ni bibi, anauza makala, yaani mkaa, mbele ya nyumba yake. Palikuwa na nafasi ya kueleza nguvu ya kampuni yetu kwa sentensi moja, nikaandika: "Hakuna meza ya maamuzi katika kampuni yenu ambayo hatujaigusa." Kwenye cheo changu niliweka responsable wa mawasiliano. Na mimi nikapata mkia.

Tazama tena hiyo orodha, msomaji. Tukiacha jina, utafute uongo. Hakuna. Ukweli wote wa nyumbani kwetu ulikuwa mle, nimeuvalisha tai tu.

Mama alikuwa amengoja siku tisa bila jibu. Groupe ilijibiwa baada ya dakika thelathini na tano. Mpendwa Madame la Présidente, tumevutiwa sana. Ijumaa hii tuna chai ya asubuhi na washirika wetu kuhusu uwajibikaji, na nafasi moja imepatikana. Saini: Responsable de la responsabilité, yaani responsable wa uwajibikaji.

Nilikimbia nyumbani. Ngazi nilizipanda mbili mbili.

"Maman, wamekuita! Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi, orofa ya ishirini na mbili."

"Nani ananiita?"

"Responsable."

"Wa nini?"

"Wa responsabilité."

Mama akaweka rimoti chini. Nimemwona mama akipokea habari za ndoa, za vifo na za viza, lakini uso ule ulikuwa mpya.

"Responsable wa responsabilité," alirudia. "Basi huyo njo mwenyewe. Unaona? Bale bengine bote balikuwa bananizungusha, kumbe mukubwa wao iko. Mungu wangu. Alipata numéro yetu wapi?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Sikusema. Nilimwambia walipata kwenye mtandao, jambo ambalo pia ni kweli.

Alhamisi tulikwenda Galerie d'Ixelles asukwe. Msusi wake ni mama mmoja wa Likasi mwenye vidole vya haraka na mdomo wa haraka zaidi, na alipoambiwa safari ni ya wapi alisimamisha chanuo hewani.

"Unaenda kuona mukubwa na kichwa hii? Maman, wee! Atakuuliza balai ya kufagia umeiacha wapi."

"Njo nimekuja kwako."

"Na huyu anakusindikiza?" Akanielekezea chanuo. "Na hii masikio? Nimuwekee nywele ya mèches ayifunike?"

"Mimi ni responsable wa mawasiliano," nikasema.

"Ya kweli, unaonekana. Antennes uko nazo."

Saluni nzima ilicheka, hata mteja aliyekuwa chini ya kofia ya moto ambaye hakuwa amesikia kitu. Mama alicheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aungue, nami nikajisikia mwema na mwizi kwa pamoja.

Ijumaa alivaa liputa yake ya kitenge cha bluu iliyoshonwa kwa fundi wa Chaussée de Wavre kwa ajili ya ubatizo wa dada yangu. Mimi nilivaa koti la papa. Shuleni walikuwa wananingoja na mtihani wa hesabu, ila kampuni ina vipaumbele.

Mlinzi wa pale mapokezi ni tonton mmoja (mjomba kwa heshima) wa Bujumbura anayemfahamu mama kwa miaka yote sita, kwa sababu ndiye humfungulia mlango wa chini, ule wa magari ya takataka. Alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu.

"Mama, leo umepotea njia? Mlango wako uko kule chini."

"Leo napita kwa mulango ya bantu, ndugu yangu. Tafuta jina."

Akatafuta. Akalipata. Akasimama wima kama askari aliyeona gari la rais, akampa kadi ya kuvaa shingoni, na chini ya jina la mama palikuwa pameandikwa: Présidente-directrice générale.

Mama alisoma. Kwa watu wa Lubumbashi PDG si herufi tatu, ni mtu wa mgodi anayepita kwenye gari la vioo vyeusi, na vumbi lake linakaa kwenye nguo zako wiki nzima. Alinigeukia taratibu.

"Hii ni nini?"

"Makosa ya kompyuta, maman."

"Kompyuta inanijua wapi?"

Lifti ikafunguka. Namshukuru aliyeivumbua.

Juu palikuwa na mikate midogo kuliko kidole, watu kama arobaini, na bango refu lililoandikwa kwamba kesho ni jukumu la kila mmoja wetu. Kijana mmoja mwenye kamera alikuwa anarusha sherehe moja kwa moja mtandaoni. Kila kadi shingoni ilisema responsable wa hiki, responsable wa kile. Mama alizisoma zote akipita, midomo ikitikisika kidogo, kama mtu anayehesabu watoto wake sokoni.

Mwenyewe, yule responsable wa uwajibikaji, akaja. Mwanamke mrefu, nywele za mvi zimekatwa fupi, viatu vya kijani, tabasamu la kweli. Lazima nikiri hilo, lilikuwa la kweli.

"Madame la Présidente! Masuluhisho ya nyuso, inasisimua. Mko kwenye nyuso ngapi?"

"Trois étages, madame, orofa tatu," mama akajibu. "Kila siku."

"Mnakua kila siku! Na mteja wenu mkubwa ni nani?"

"Ni ninyi."

"Sisi? Kumbe tayari ni washirika! Tangu lini?"

"Miaka six."

"Miaka sita, na hatujawahi kukutana!"

"Tunakutana, madame," mama akasema kwa upole. "Ofisi yako iko ku orofa ya kumi, kona ya dirisha. Unakunywaka chai ya menthe. Kale kamufuko ka chai unakaweka juu ya karatasi, kanaacha alama. Miye njo naitoshaka na kitambaa."

Yule mwanamke hakuacha kutabasamu, ila tabasamu lilibaki peke yake usoni, mwenyewe ameondoka. Mama akainua mkono wenye bendeji.

"Kabati haikuwa na glavu, wakanipa dawa yenye jani. Natafuta responsable tangu onze jours. Wananiambia ni weye."

"Mimi... ndiyo, ni responsable wa uwajibikaji, lakini kwa ujumla. Ule mkubwa. Bahari, hali ya hewa. Mkono wako ni suala la uendeshaji, unaona, na uendeshaji uko kwa mkandarasi, na mkandarasi..."

Mama hakumngoja amalize. Alichukua kijiko kwa mkono wa kushoto akagonga glasi. Ting, ting, ting. Wabelgiji wakisikia glasi wanajua ni hotuba, kwa hiyo chumba kizima kikanyamaza, vikombe vikashushwa, na kijana wa kamera akasogea mbele kutafuta pembe nzuri. Mama alisimama pale kama yuko katikati ya avenue.

"Bonjour à tous. Mukono huu uliungua ku jengo hili. Responsable wake ni nani?"

Nilihesabu kadi kumi na saba zenye neno lile. Hakuna aliyetoka. Mmoja alikuwa amegeuza yake, upande mweupe mbele. Kitu pekee kilichosikika kilikuwa mashine ya kahawa, na hata hiyo ilimaliza haraka, kama vile na yenyewe haikutaka kushirikishwa.

Halafu responsable wa mawasiliano wa kweli aliruka kutoka nyuma. Hakuruka kwa ajili ya mkono. Alifunika kamera.

Dakika mbili baadaye tulikuwa kwenye chumba kidogo cha vioo: yeye, madame wa viatu vya kijani, mama na mimi. Bwana huyo alikuwa amefungua tableti, na sura yake ilikuwa imetulia sasa kama ya mtu aliyepata silaha.

"Kampuni hii haipo," alisema. "Haimo kwenye rejista. Anwani ni ya fleti huko Schaerbeek. Madame, hili ni jambo zito. Mtu ametumia jina la kampuni ya uongo kuingia humu. Nataka kujua nani anawajibika."

Vichekesho vyangu vyote vilinikimbia mara moja, wasaliti wale. Nilifungua mdomo, lakini kiti cha mama kilikwishasogea.

Alikuwa amesimama.

"Ni miye," alisema. "Huyu ni mutoto yangu. Nilizaa miye, nililea miye. Mambo yake ya bujinga, ni miye responsable. Andika jina yangu, papa. Andika muzuri. Unataka carte d'identité?"

Akaiweka mezani kwa mkono wa kushoto.

Bwana yule aliitazama kadi, akamtazama mama. Sijui alitegemea nini. Nadhani kazini kwake hajawahi kuuliza swali lile na mtu akalijibu. Yule madame akaangalia viatu vyake.

"Bon," mama akasema, akakaa. "Miye nimemaliza yangu. Sasa ninyi."

Madame ndiye aliyechukua simu. Kile ambacho hakikuwezekana kwa siku kumi na moja kilichukua dakika ishirini na tano. Msimamizi wa zamu, yule wa maandazi, alituma karatasi kwa barua pepe akiwa tayari amesahau kabisa habari ya maandazi. Mashine ikaichapa. Wakaisogeza mbele ya mama pamoja na kalamu, wote wawili wakiwa na haraka sasa, maana kule nje washirika walikuwa wanamaliza mikate.

Mama alivaa miwani. Mama akisoma karatasi husoma kama anachambua mchele.

"Hapa mumeandika: mukono ulikutana na bidhaa."

"Ni lugha ya kawaida ya bima, madame."

"Mukono yangu haikuenda ku rendez-vous. Bidhaa iliunguza mukono. Na kabati haikuwa na glavu. Andikeni."

"Kimsingi maana ni ileile."

"Kama ni ileile, basi andikeni yangu."

Walipiga simu tena. Walinong'ona. Kulikuwa na neno "tahadhari" na neno "mwanasheria". Mama alikunja mkono mzima juu ya ule mbovu akatazama nje, kule chini tramu zilikokuwa zinapita ndogo kama vijiti vya kiberiti, na alionekana anaweza kukaa pale hadi Pasaka. Saa nne kasoro robo karatasi ya pili ikatoka: bidhaa iliunguza mkono wa kulia wa mfanyakazi, mahali pa kazi, saa za kazi, glavu hazikuwepo. Mama akasaini kwa kushoto. Saini ilitoka kama kuku amepita na miguu ya wino, lakini ilitosha.

Sitaki mdhani dunia ilibadilika. Chupa za kijani bado zipo. Tonton wa Bujumbura anasema wameongeza ukubwa wa jani. Na kampuni ile, ambayo kwa siku kumi na moja haikujua nani aliuza dawa, nani alinunua na nani aliimwaga, ilihitaji saa moja tu kujua nasoma shule gani na namba ya simu ya mkuu wa shule. Nilipewa Jumatano nne za adhabu. Mwalimu wa uchumi peke yake ndiye aliyenipa alama, kimyakimya, kumi na nane juu ya ishirini, akisema angenipa zaidi kama ningekumbuka kodi.

Mama hakuniambia neno ndani ya tramu. Hakuniambia neno kwa daktari, ambako aliitoa ile karatasi kwenye mkoba kama anavyotoa picha za harusi yake, naye daktari akaisoma mara mbili, akaandika ya kwake na kupiga mhuri. Njiani kurudi nilijaribu utani mmoja. Ulianguka kwenye lami. Nilijua kinachokuja. Nilikuwa nimetayarisha utetezi wenye vipengele vitatu na machozi kidogo.

Tulifika nyumbani. Akavua kilemba, akabandika karatasi ya daktari kwenye mlango wa friji kwa sumaku, akavuta kiti, akaketi, akaupandisha mkono wake juu ya mto. Kisha akanitazama, na alichosema ni hiki, sikuongeza wala sikupunguza:

"Docteur ameandika quatre semaines, mwezi muzima, mukono isiguse mayi. Sahani, sufuria, choo, na koridoo yote mupaka ku ngazi. Anza na sufuria ya sombe, imeshika chini."